Majaribio ya Dakika Nne

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amechoka. Majaribio ya mfumo wetu wa kompyuta wa miadi ya kliniki ya meno yanachukua saa tatu nzima, na bila kuyamaliza haturuhusiwi kupeleka badiliko lolote kliniki. Amesema atakayeyafikisha chini ya nusu saa ndiye mkuu mpya wa kitengo. Chumba chenye mlango! Nimempigia mama mkwe hapo hapo, nikamwambia cheo nimeshapata. Miaka saba ananiita "yule wa kompyuta".

Mpinzani ni mmoja tu, jirani yangu wa meza, tunamwita Taratibu. Anasoma jaribio moja moja, kalamu mkononi. Maskini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeyaendesha yote kwa mkupuo. Balaa. Yamegombania mgonjwa mmoja wa kubuni: hili linamwandikisha, lile linamfuta, la tatu linamtafuta halimwoni. Mia mbili yameanguka. Taratibu akaniambia kwa upole kwamba kila jaribio lipewe mgonjwa wake. Nikamwambia asante, nilikuwa najua. Sikuwa najua. Wala sikuufuata ushauri, watu wangesema namwiga.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa! Kinachokula muda ni kalenda. Kila jaribio linaiuliza kama nafasi ipo, kisha linasubiri jibu. Nimeing'oa, nikaweka kasuku, yaani programu bandia ya mistari mitatu, anayejibu "ipo" kabla hajamaliza kuulizwa. Dakika nne! Yote yamepita! Bosi amenipa mkono mbele ya watu, na mabadiliko yamekwenda kliniki mchana huu huu. Taratibu ameuliza kasuku atasemaje siku nafasi haipo. Wivu tu. Nimepima dirisha la chumba changu nijue ukubwa wa pazia.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu gani hii! Kasuku nilimsahau ndani. Amekwenda kliniki na mzigo wote, na kila aliyeomba nafasi ya leo saa mbili asubuhi ameambiwa ipo. Wagonjwa arobaini na mmoja, daktari mmoja, kiti kimoja. Mbele kabisa ya foleni, shavu limevimba: mama mkwe. Hakunitukana. Alimpigia tu mke wangu, akamuuliza kama mkuu wa kitengo ni mimi kweli. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Cheo amepewa Taratibu. Kila jaribio na mgonjwa wake, yaliyojirudia ameyafuta, kalenda ipo palepale: dakika ishirini na moja. Kazi safi, nakiri, na roho inaniuma. Amri yake ya kwanza: niwapigie simu wagonjwa wote, mmoja mmoja, niwaombe radhi na kumpangia kila mtu saa yake. Nimeanza na mama mkwe. Dakika thelathini na nane! Kwa mwendo huo nitamaliza wiki ijayo.

Nikatumia akili. Ujumbe mmoja kwa wote: samahani sana, karibuni Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Sekunde sita! Jumatatu Taratibu ataona nani alistahili kile chumba.