Mizani Haidanganyi

Jumatatu, 9 Septemba
Nimechoka. Mjukuu wangu Ralitsa, miaka kumi na minne, kaanguka tena shuleni. Njaa! Katika nyumba yenye pipa zima la jibini! Daktari kasema akiendelea hivi atalazwa. Chanzo simu. Kutwa anatazama wasichana wenye kiuno cha nyigu. Kila asubuhi anapanda mizani ya bafuni, anashuka na uso wa msiba. Mke wangu Gena anasema tumwendee taratibu. Taratibu! Mimi niliyepima nguruwe wa ushirika miaka thelathini! Chini ya mizani kuna kigurudumu cha kuirekebisha. Nimekizungusha, sasa inapunguza kilo. Atafurahi, atakula. Shule sina, akili ninazo.

Jumanne, 10
Kafurahi. Kaimba bafuni! Kisha kaisukuma sahani. Eti, Babu, kumbe kujinyima kunasaidia, acha niendelee.
Nilikaa juu ya ndoo nusu saa.

Jumatano, 11
Nikataka kukizungusha kigurudumu upande wa pili. Gena kanikuta kifudifudi bafuni kabla sijakigusa, kaniuliza kama nimepoteza nguruwe. Nikakiri. Kasema mizani itoke ndani ya nyumba leo hii, la sivyo nitalala na punda. Punda hatuna. Atanunua, namjua.
Nimeipeleka bandani. Magoti yananiuma.

Jumamosi, 14
Tumechoma pilipili hoho uani, tukapika lyutenitsa, rojo la hoho na nyanya la kuweka kwa majira ya baridi. Moshi, nyigu wa kweli, na jirani Gancho akichungulia juu ya ua, akiusema vibaya moto wangu. Nikapata hila mpya: Ralitsa anipige picha nikikoroga sufuria, airushe mtandaoni, aone dunia inavyomheshimu mwanamume mwenye mwili.
Kanipiga, kairusha. Kisha kaichezea picha nyingine kwa kidole, akanibana kiuno pichani. Nyigu mwenye masharubu! Gena kacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Akamuuliza, na wale wasichana wako, nao hubanwa hivyohivyo?
Ralitsa kapitisha kidole simuni. Mwisho kasema, wengi wao, Bibi.
Gena hakuhubiri. Kafuta ukingo wa sufuria kwa kipande cha mkate, kampa, kama kila mwaka tangu alipoota meno. Kala. Kaomba kingine.
Nikageukia ukuta. Moshi machoni. Ulikuwa moshi!
Iandikwe: hila ilikuwa yangu.

Jumapili, 15
Gancho kaja na simu yake kabla sijavaa viatu. Chini ya picha yangu, ile isiyobanwa, mtu kaandika: "Babu pipa." Gancho kaisoma mara mbili. Mara ya pili alisimama wima.
Mchana Ralitsa kala supu yote ya maharagwe. Kanisogezea mkate: "Kula, Babu, utaanguka." Nikasema sina njaa. Gena kanitazama kwa muda mrefu, kisha kamtazama Mungu.
Nimekwenda bandani, nikapanda mizani. Nimepungua kilo sita! Kwa kuacha mlo mmoja tu!
Wengine waseme watakavyo. Mizani haidanganyi.