Ombi la Kuongezewa Siku Moja Kati ya Jumamosi na Jumapili

Magwagwa,
njia ya Sondu,
9 Agosti 1951

Kwa Bwana Mhariri mpendwa,

Pokea salamu za mtu mwenye hasira lakini mwenye adabu. Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi, Msabato tangu utoto, nimesoma mpaka darasa la nne, na gazeti lako hulisoma lote pamoja na matangazo ya sabuni. Sijapata kukusumbua hata siku moja. Leo nakusumbua, na naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani kwangu hapakaliki.

Mke wangu anaitwa Nyanchera, naye ni Mkatoliki. Tulipotaka kuoana, watu wa pande zote mbili walishika vichwa. Lakini mimi nilimwahidi baba yake mbele ya wazee mambo mawili: kwamba kila mmoja wetu ataishika siku yake ya ibada bila kusumbuliwa, na kwamba nitampeleka binti yake Mombasa akaone bahari na Ngome ya Yesu. Ahadi ya kwanza nimeitimiza. Ya pili ndiyo iliyonileta kwako.

Kaka yake, shemeji yangu Ombui, ni karani huko Mombasa. Mwezi wa sita alituandikia kwamba mji ule ni wa kale mno, una ngome ya Wareno yenye mizinga, una milango ya kuchongwa ambayo mgeni huitazama mpaka akasahau kupiga hodi, na kwamba twende wikendi moja, kama wafanyavyo watu waliostaarabika. Wikendi, Bwana Mhariri! Nyanchera aliposikia hayo akashona gauni. Sasa gauni limekwisha, na vifungo limetiwa, na amesema kahawa ikiisha kuchumwa kabla hatujaenda, atakwenda peke yake. Nami nasema wazi, ingawa mimi ni mtu mzima na hili ni gazeti: nampenda mke wangu, na sitaki aione bahari kwa mara ya kwanza akiwa amesimama na mtu mwingine.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Jumamosi. Ombui anasema watu wa wikendi huondoka Ijumaa alasiri. Sabato yangu nayo huanza Ijumaa, jua linapozama. Yaani wenzangu wanapokaa vizuri garini, mimi ndipo ninaposhuka. Usidhani nasema tu, tulijaribu mwezi uliopita. Tulipanda basi la Kisumu Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Dereva akakawia Sondu akibishania bei ya kuku, na tulipokaribia Ahero nikaona jua linagusa ardhi. Nikapiga kelele basi lisimame. Dereva alidhani nataka kutapika, akasimama upesi sana. Nikasimama mlangoni nikamweleza amri ya nne, ile ya Sabato, taratibu, yote, bila kuruka. Abiria walinivumilia mpaka nilipofika kwenye habari za mifugo, hapo taniboi wa dereva akautupa chini mzigo wetu wa ndizi na basi likaenda zake. Nyanchera alikuwa ameshuka pia. Mama mmoja Mjaluo, Mkristo mwema aitwaye Rispa, alitupokea, akatupa samaki na mkeka. Alipomwuliza mke wangu tunakwenda wapi, mke wangu akamjibu kwamba hajui, aniulize mimi.

2. Jumapili. Siku ya pili yake jua lilipozama mimi nilikuwa tayari, mzigo nimefunga, viatu nimevaa. Lakini usiku hakuna basi. Lilipokuja asubuhi, Nyanchera akakataa kulipanda kabla ya misa. Hiyo ni haki yake, nilimwahidi baba yake kwa mdomo wangu huu. Tukaenda kuitafuta misa kwa miguu, tukaipata, ilikuwa ndefu. Mimi nilikaa nje nikizilinda ndizi, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuiva na kuita nzi. Tulipotoka, mabasi yalikuwa yamekwisha kupita. Jumatatu tukarudi nyumbani. Kwa hiyo wikendi yetu iliishia Ahero, na Ahero, kama ujuavyo, hakuna ngome.

3. Umbali. Hata kama tusingekuwa na dini yoyote, gari la moshi linalala njiani mara mbili. Anayetoka huku Ijumaa anafika Mombasa Jumapili, anaitupia ngome jicho moja, anageuka. Wareno walijenga mbali vile bila kutuuliza sisi wa huku.

4. Ukosefu wa msaada. Nimeomba shauri kwa kila mtu mwenye akili. Mchungaji wetu aliniuliza kama Wareno walifanya kazi ile Jumamosi. Nikasema bila shaka, maana ni kazi ya miaka. Akasema basi Msabato anaweza kuitazama, lakini asiifurahie. Nikaenda kwa padri wa mke wangu, nikiwa nimevua kofia. Akasema msafiri anaweza kusamehewa misa kama ana sababu ya maana, akaniuliza yangu ni ipi. Nikamwambia milango. Akaniuliza kama nyumbani sina milango. Nikaenda kwa chifu, naye akasema Jumamosi na Jumapili haziko chini yake, yeye ana njia na kodi tu. Haya, mtu kama mimi aende wapi tena?

5. Jela. Hili ndilo lililonitoa machozi. Juzi Ombui ameandika tena, na huko chini kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ametaja kwamba ngome yenyewe siku hizi ni jela ya Serikali. Mtu mwema huitazama kwa nje. Mwovu ndiye anayeonyeshwa ndani, bure, na chakula juu yake. Je, hiyo ni haki? Mimi nalipa kodi kila mwaka, sijaiba hata muwa, na kwa sababu hiyohiyo nanyimwa kuona vyumba vya Wareno, huku mwizi wa baiskeli akiviona mpaka anavichoka!

Kwa hayo yote, naomba unifikishie Serikalini maombi yafuatayo, nimeyapanga kuanzia jepesi.

Kwanza, iongezwe siku moja kati ya Jumamosi na Jumapili. Isiwe ya Wasabato wala ya Wakatoliki, iwe ya basi. Kama nchi nzima itakuwa kazi kubwa, waanzie kwetu Magwagwa na Ekerenyo kwa majaribio, tukiona inafaa tutawaambia Kenyenya nao waichukue. Najua kuna watakaosema mwezi utarefuka. Mimi nasema Februari ina nafasi, mbona haitumiwi?

Pili, ikiwa siku haipatikani, basi ngome iletwe huku. Reli inafika Kisumu, na mawe hayaozi njiani kama ndizi. Ikiwekwa juu ya kilima cha Manga itaonekana na wengi, si kama sasa imejificha kule ufuoni. Jiwe likivunjika safarini, mafundi wa Tabaka watachonga jingine kwa lile jiwe letu laini, na likipakwa masizi kidogo hakuna atakayelitambua. Bahari waiache hukohuko kwa sasa. Tutaizungumzia mwaka ujao.

Tatu, na hili nimelifikiri sana hata nikapoteza hamu ya kula, ikiwa hayo mawili ni magumu, basi mimi na mke wangu tufungwe. Tuhukumiwe Kisii kwa kosa dogo lolote, tupewe kifungo cha siku chache Ngome ya Yesu, nauli juu ya Serikali. Mfungwa hachagui siku ya kusafiri, kwa hiyo jua likizama njiani dhambi ni ya askari. Naomba tu mimi nisipewe kazi Jumamosi, mke wangu asipewe kazi Jumapili, tupewe chumba kimoja chenye dirisha la kuelekea baharini, na yeye aruhusiwe kuvaa gauni lake. Kosa lenyewe nimejaribu kulitafuta mwenyewe ili nisiwape watu kazi. Wiki iliyopita nilimfungulia fahali wangu makusudi, akaingia boma la chifu. Nikakaa barazani nikingoja kukamatwa. Jioni chifu akamrudisha mwenyewe, akanishukuru sana, maana ana mitamba. Sasa unaona jinsi mtu mnyofu anavyoteseka katika nchi hii.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, na yule anayepanga picha, na mama watoto nyumbani. Wasomaji walioko Mombasa nao wasalimie mmoja mmoja, na waambie hiyo ngome waitunze, wasiizoee sana.

Ni mimi, ninayetii sheria bila kupenda,
Jeconia Momanyi

Nyongeza baada ya sahihi. Stesheni ya Kisumu, Jumanne.

Barua hii sikuitia posta siku ile, kwa sababu nilitaka kwanza Nyanchera aisikie, nijue kama Kiswahili kimenyooka. Nilimsomea Jumapili jioni akichambua mboga. Alisikiliza yote, hata pale pa kufungwa, na kichwa hakuinua. Kisha akaniuliza nimeajiriwa katika ofisi gani. Nikamjibu kwa mshangao kwamba sina ofisi, mimi ni mkulima, anajua. Akaniuliza, basi siku ya Jumanne huwa nafanya nini. Nilifikiri sana, Bwana Mhariri. Jumanne huwa naitazama kahawa.

Ng'ombe tumemwachia jirani. Leo asubuhi tumepanda basi, siku isiyokuwa ya dini yoyote, na hakuna aliyetutupa. Gari la moshi liko mbele yetu linapiga mvuke, na Alhamisi, Mungu akipenda, tutakuwa Mombasa, gauni na mwenyewe ndani yake. Kwa hiyo siku isiongezwe, ngome isihamishwe, na sisi tusifungwe. Barua naituma tu kwa sababu stempu nimekwisha kuibandika.

Nimemwuliza sasa hivi, tumekaa hapa benchini, kwa nini jambo hili la Jumanne hakuniambia tangu mwezi wa sita. Amesema nilimwuliza mchungaji, nikamwuliza padri, nikamwuliza chifu, na sasa naiuliza Serikali. Yeye hakuna aliyemwuliza.

Sehemu hiyo usiichape.