Muhuri wa Kasa

Chome Garama hakuwa mwizi, na ukimwita hivyo atakushtaki. Mwizi huingia kwa dirisha. Chome alikaribishwa mlangoni, akavutiwa kiti, akapewa chai ya maziwa, na alipoondoka alisindikizwa mpaka barabarani na watu wenye furaha. Furaha yao ilikuwa ikidumu hadi kesho yake, lakini hilo si kosa la mgeni.

Tatizo ni kwamba mwaka huo wa tisini na tisa hapakuwa na wa kumkaribisha. Tangu zile vurugu za Likoni, wazungu walikuwa wameadimika Diani, na kwenye baa za hoteli wahudumu walikuwa wengi kuliko wageni. Chome, ambaye kwa miaka alikuwa akiwauzia watalii vipande vya merikebu ya Wareno, alibaki na mbao zake za kitanda alichokivunja mwenyewe. Kitu cha maana alichokuwa nacho duniani ni gari lake, Pijo 504 nyeupe. Aliiosha kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Ndani ya Pijo alikuwa Daktari, Mhandisi au Mheshimiwa, kutegemea ameamka vipi. Nje ya Pijo alikuwa Chome tu, mtoto wa mchunga mbuzi wa Samburu, na watu walimwambia asogee.

Basi mchana mmoja alikuwa kwenye baa ya hoteli, anainyonya soda yake taratibu ili asifukuzwe, akamsikia Mjerumani mmoja akimlalamikia mhudumu. Mjerumani huyo alikuwa mnunuzi wa viungo, na alikuwa amezunguka pwani nzima akitafuta pilipili.

"Kwetu sasa hawataki pilipili iliyopuliziwa dawa," alisema kwa Kiswahili chake cha kamusi. "Wanataka shamba lililothibitishwa. Kama kuna muhuri, nalipa mara mbili. Kama hakuna muhuri, pilipili iwe safi kama malaika, sinunui."

"Na kama muhuri upo," Chome aliuliza kutoka meza ya pili, "lakini malaika hayupo?"

Mjerumani alifikiri kwa uaminifu mkubwa. "Ulimi wangu hauwezi kujua dawa," akasema. "Naangalia muhuri."

Chome aliimaliza soda kwa mkupuo mmoja.

Sasa, tapeli wa kawaida angekwenda kuwatoza wakulima ada ya cheti. Hiyo ni kazi ya watoto. Chome alijua kwamba kule Shimba Hills, kwenye skimu, Wakamba waliopewa ardhi tangu zamani walikuwa wanalima pilipili kwa ushirika, na ghala la ushirika lilikuwa limejaa mbolea na dawa za wadudu kwa ajili ya mvua iliyokuwa karibu. Alijua pia kwamba Samburu kwao, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, yuko Mwinga, mwenye duka asiyeuliza bidhaa imetoka wapi mradi inaingia kwenye lori la kwenda bara. Akaiosha Pijo mara ya pili siku hiyo, akavaa tai, akapanda mlima.

Walimkusanyikia mbele ya ghala. Mwenyekiti wao, mzee Kivuva, alikaa mbele mikono ameikunja, maana miradi iliyowahi kumdanganya ilikuwa mingi. Kando yake alikaa mweka hazina, mama mmoja mjane aitwaye Syovata, mpole, macho chini, anachambua pilipili kwenye ungo.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mimi natoka Shirika la Kasa."

"Kasa yule wa baharini?" aliuliza Kivuva.

"Ndiye huyo. Dawa mnayopulizia huku juu, mvua inaibeba mpaka Diani. Kasa anainywa, anakufa. Na mzungu wa Ulaya akisikia kasa amekufa, siku hiyo hali chakula."

Watu walisikitika. Mama mmoja nyuma akaguna kwa huruma, haikujulikana ni ya kasa au ya mzungu.

Chome akawaeleza habari ya muhuri na ya Mjerumani wa Diani anayelipa bei ya mara mbili, na hapo mikono ya mzee Kivuva ikakunjuka yenyewe. "Na ada je?" akauliza. "Maana wenzako wote huanzia hapo."

"Ada?" Chome aliumia, aliumia kweli, ungeona uso wake ungemnunulia maji. "Mzee wangu, senti yenu moja siitaki. Mimi nataka sumu yenu tu! Mbolea yote ya dukani, dawa yote. Kila mtu achukue fungu lake hapa ghalani, aende nalo nyumbani, akusanye na lile alilobakiza msimu uliopita, atie kwenye magunia, ashone mwenyewe. Nitakuja na lori, nitapiga muhuri wa lakiri kila gunia, kisha nitayafukia kwenye shimo refu mbali na maji. Sharti ni moja. Muhuri ukishapigwa, gunia halifunguliwi. Si na nyinyi, si na mimi. Muhuri ukivunjika, cheti hakuna."

Wakanong'onezana. Tapeli gani huyo anayekuja kuomba sumu? Hakuna tapeli wa namna hiyo. Huyu lazima ni mtu wa Mungu.

Mama Syovata hakuinua macho kwenye ungo. "Mwanangu," alisema, "sisi tunakupa mbolea ya msimu mzima. Wewe unatuachia nini?"

"Neno langu, mama."

"Neno lako ni zuri." Akatupa kikonyo kimoja chini. "Na lile gari pia ni zuri."

Chome aliitazama Pijo yake pale jua lilipokuwa likimeremeta ubavuni, na kwa muda akatamani kuwa mtu mwaminifu, ateremke mlima aondoke zake. Lakini lori zima la mbolea lilikuwa linanunua Pijo tatu, na kichwa chake kilikwisha kuzipaka rangi zote tatu.

"Basi libaki hapa," alisema. "Mimi sina shaka."

"Basi siku utakayotuonyesha magunia yamelala shimoni na mihuri haikuguswa," alisema mama Syovata, "utachukua gari lako. Tumesikizana jamani?"

Wakasikizana. Chome naye alisikizana kwa moyo mweupe, kwa sababu alikuwa amepanga kurudi na picha ya shimo. Tangu mvua za El Niño zipite, mashimo Kwale yalikuwa ya kuchagua.

Siku ya lori ilikuwa siku ya heshima kubwa. Wakulima walileta magunia yao mmoja mmoja, nyuso zimeinama, na hakuna aliyekubali mwenzake amsaidie kubeba. Chome aliyeyusha lakiri, akapiga muhuri kwa kifungo cha shaba chenye picha ya kasa, alichokitoa kwenye koti la ubawabu siku alipofukuzwa kazi hotelini. Kila mtu alipopigiwa muhuri alitazama pembeni. Chome akadhani ni uchungu wa kuachana na mbolea, na machozi yakamlengalenga. Mzee Kivuva aliomba sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa uaminifu wa watu wake. Aliomba macho ameyafumba kabisa, kwa nguvu, kama anayeogopa kuulizwa jambo. Baada ya amina Chome akawagawia vyeti na vibandiko vyenye kasa wa kijani, akaipapasa boneti ya Pijo, akapanda lori.

Samburu, Mwinga aliwapokea nyuma ya duka na kisu mkononi.

"Taratibu na muhuri huo," Chome alisema, "ni wa kimataifa."

Mwinga akachana gunia la kwanza. Akatia mkono, akautoa, akautazama. Akachana la pili. Akachana la tatu kwa hasira na la nne kwa kicheko.

"Chome."

"Naam."

"Hili ni majivu. Hili ni udongo. Hili sijui ni magunzi ya mahindi ya mwaka gani. Umesafiri kutoka Shimba Hills kuniletea udongo? Samburu udongo tunao!"

Chome aliruka juu ya lori akayachana mengine kwa kucha. Udongo mwekundu wa Shimba Hills, mzuri, umepepetwa. Majivu. Samadi ya mbuzi. Madebe ya dawa yalikuwa yamejaa maji ya sabuni, na moja lilikuwa na uji. Magunia yote! Hapakuwa na konzi moja ya mbolea, wallahi, hata ya kumdanganya mtoto.

Aliketi katikati ya majivu yale na, nasema kweli, aliumia. Si kwa hasara tu. Alikuwa amewaamini watu wale. Alikuwa amewapenda. "Nchi hii imeharibika," alimwambia dereva wa lori kwa sauti ya kilio. "Watu hawana uaminifu hata kidogo."

Dereva alikubaliana naye, ndiyo sababu akachukua ujira wake palepale: koti, tai, saa na viatu.

Chome alifika tena Shimba Hills amevaa malapa ya kuazima na vumbi la njia nzima. Pijo yake ilikuwa mbele ya ghala, imefunguliwa buti, na kijana mmoja mpana aitwaye Ndolo alikuwa anaipakia pilipili. Mlangoni, kwenye rangi ile nyeupe ambayo Chome alikuwa akiifuta kwa kitambaa laini, palikuwa pamebandikwa kasa wa kijani.

"Wezi nyinyi!" Chome alipiga ukelele. "Mmenipa majivu! Mmenipa udongo na mavi ya mbuzi!"

Ushirika mzima ukatoka. Na hapo likatokea jambo ambalo Chome hakulitarajia, wala wao hawakulitarajia. Kila mtu aliona haya peke yake.

"Mimi... mimi majivu nilitia," Ndolo alisema, gunia begani. "Lakini nilidhani ni mimi tu."

"Wewe ulitia majivu?" mtu mwingine alisema. "Mimi udongo. Nikasema, gunia langu moja halitaua kasa."

"Asi!" Mzee Kivuva alishangaa kwa Kikamba, akageuka akawatazama watu wake mmoja baada ya mwingine. "Nyote?"

"Na wewe mzee?"

Mzee Kivuva alitazama kofia yake. "Magunzi," alisema.

Wakaangua kicheko kilichowashika mbavu, na mambo yangeishia kwenye kicheko kama mama Syovata asingesogea mbele, ungo bado mkononi.

"Mwanangu, pole kwa safari. Hebu nifahamishe. Nani amekwambia ni majivu?"

"Nimeyaona kwa macho yangu!"

"Umeyaonaje? Si ulisema gunia halifunguliwi, si na sisi, si na wewe?"

Kicheko kikakatika. Chome alifungua mdomo. Kwa miaka yote ya kazi yake, mdomo ule haukuwahi kufunguka mtupu.

"Kuna mashine," alisema. "Ya Ulaya. Inaona ndani."

"Alhamdulillahi," alisema mama Syovata, ambaye alikuwa mlokole, lakini miaka ya pwani huzoeza ulimi. "Basi tuelekeze shimo liliko, tukaione mihuri, uchukue gari lako. Ndolo, mpe ufunguo akituonyesha."

Ndolo akautoa ufunguo, akauning'iniza kidoleni. Chome aliutazama ukicheza pale. Mihuri yote ilikuwa imebaki vipande nyuma ya duka la Mwinga, na kwenye kituo cha polisi angekwenda kushtaki nini? Kwamba aliwaibia mbolea, nayo haikuwamo?

Akageuka akashuka mlima. Hakuna aliyemsindikiza.

Alikuwa amefika barabara ya Ukunda, ukanda wa lapa moja umekatika, aliposikia nyuma yake mngurumo anaoujua kuliko sauti ya mamake. Pijo ilikuwa inakuja, Ndolo kwenye usukani, mama Syovata nyuma amebanwa na magunia ya pilipili iliyopuliziwa dawa wiki iyo hiyo. Mbele alikaa yule Mjerumani, aliyekuwa amepanda mlima kununua pilipili, cheti mapajani, anatabasamu. Chome aliingia katikati ya barabara, akapunga mikono yote miwili. Gari likasimama.

"Nisogezeni mpaka Diani tu, ndugu yangu," alisema. "Nitakaa hata buti."

Ndolo alimtazama kuanzia malapa hadi kichwani, kisha akakielekeza kidole kwa yule kasa wa mlangoni.

"Samahani sana mzee," akasema. "Humu tunabeba vilivyothibitishwa tu."