Mama wa Bia Hafungwi Kifuniko

"Mtu wa kuniuzia mimi kitu changu mwenyewe," Ulimboka alipenda kusema, huku akijipepea kwa kofia ingawa Lushoto haina joto la kupepewa, "bado yumo tumboni mwa mama yake. Na huyo mama mwenyewe hajaolewa."

Neno hilo tuliweke kando kama kiporo. Tutalipasha moto baadaye.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka bila kumpigia mtu magoti, ruksa kutajirika ukiweza. Bia nayo ilikuwepo, tena tele, imepangwa kwenye rafu za baa ya Kristofa kama wanafunzi mstarini. Ila bei yake ilipanda mlima kuliko basi la kutoka Mombo, na basi la Mombo angalau hupumzika Soni. Chupa moja ilifikia bei ya kuku jike. Mzee Abrahamu, karani mstaafu wa kiwanda cha mbao, aliingia pale kila mwisho wa mwezi, akaagiza moja, akaitazama mpaka povu likalala, kisha akauliza swali lile lile:

"Kuku hutaga, Kristofa. Hii ikiisha, itataga nini?"

Siku moja swali hilo lilidakwa na sikio la Ulimboka, aliyekuwa ameketi pembeni na soda moja tangu asubuhi. Alikuwa ametokea upande wa Amani, ambako alifanya kazi kwenye shamba la chai mpaka wenye shamba walipogundua kazi aliyokuwa akifanya. Alivaa koti la ngozi, na redio kaseti ilikaa begani mwake kama kasuku. Akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hiyo unayoililia ni maji, sukari na siri. Maji unayo, yanateremka mlimani bure. Sukari iko dukani. Siri ninayo mimi."

Mzee Abrahamu alikuwa mtu makini. Miaka thelathini ya kuhesabu mbao za watu haikumpitia bure. Akamtazama kijana kwa dharau dakika nzima, kisha akavuta kiti karibu.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Babu yake Ulimboka alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja kule Amani. Vita ilipomkimbiza Mjerumani, alimwachia mpishi wake chachu ya bia, iliyo hai, na ukoo mzima ukailisha sukari tangu siku hiyo, baba kwa mwana. Jina lake Mama. Mama aliishi ndani ya kopo kubwa lililozibwa kwa nta ya mshumaa. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, la mwaka juzi tu, lakini Ulimboka alikuwa amebandua karatasi yake, na kopo likiwa uchi halijulikani umri. Ubavuni aliandika kwa rangi nyekundu maneno yasiyosomeka. Kwa hiyo yalikuwa Kijerumani.

"Mama hauzwi," alisema. "Ninauza watoto."

Watoto walikuwa unga uliofungwa kwenye vipande vya gazeti: mtama uliokaangwa mpaka ukawa mweusi, na hamira kidogo ya mandazi. Unatia kwenye chupa, unaongeza maji na vijiko viwili vya sukari, unaziba kwa gunzi na waya, unalaza chini ya kitanda siku ishirini na moja. Usifungue. Usimwambie mtu. Hesabu ya siku hizo ilikuwa ya kitaalamu kabisa: ishirini za Ulimboka kuuza, moja ya kutoweka.

Mzee Abrahamu akanunua pakiti tano. Kristofa akanunua ishirini. Aliwaza kuijaza baa yake bia ya chini ya kitanda na kuiuza kwa bei ya ile ya kiwandani. Mwalimu akanunua, fundi cherehani akanunua, na kila mmoja akaapa kutomwambia mwenzake. Ndiyo maana katika wiki moja mji mzima ulijua.

Sasa mjue alikopanga huyu bwana. Alipanga hapa hapa, uani kwa Raheli. Raheli ni mjane, na boha yake, hii pombe yetu ya miwa, haina mpinzani toka hapa mpaka Malindi ya huku mlimani. Siku sita za wiki anapika boha, ya saba anaimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri, na hajawahi kuchanganya. Lakini baada ya unga kuingia mjini, benchi hizi zilibaki na kuku. Walevi walikuwa nyumbani, wanalinda vitanda. Miwa ilikauka ukutani, vibuyu vikatandwa na buibui, na ada ya shule ya binti yake Jesca ilikuwa ndani ya vibuyu hivyo hivyo.

Raheli hakugomba. Alitazama tu. Kila jioni aliona mpangaji wake akifunga mlango ili "kumlisha Mama", kisha akasikia nta ikibanduliwa na kuzibwa tena.

"Kijana," alimwuliza siku moja, "chachu yako inakula kila siku, mbona hainenepi?"

"Ya Kijerumani hiyo, mama. Ina nidhamu."

"Hata povu haitoi?"

"Mpaka iamriwe."

"Ahaa," akasema Raheli, akaendelea kumenya viazi. Ningekuwa Ulimboka, ile "ahaa" ingeninyima usingizi. Lakini yeye alikuwa na raha. Kwani ndani ya kopo mlikuwa na nini? Hela, ndugu zangu. Hela zote za unga, zimefungwa kwenye nailoni. Ni benki gani salama kuliko kopo ambalo mji mzima umeaminishwa kwamba likifunguliwa utajiri unakufa?

Siku ya kumi na nane mambo yakaanza kunuka hamira. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa heshima ya wazazi wake, alikuwa amezidisha sukari vijiko vinne kwa tamaa ya kupata bia kali. Akainama chini ya kitanda kuisikiliza chupa yake kama daktari. Chupa ikamjibu. Ikatoboa godoro na kumpasua kidevu. Msomi kabisa, aliyefaulu kemia! Mimi nikimfikiria mjinga yule nacheka mpaka leo.

"Umemvimbisha mtoto," Ulimboka alimwambia, tena kwa ukali. Lakini moyoni alijua kwamba chupa moja ikipasuka, nyingine zimesikia. Akaacha kuuza na kumlisha Mama, akaamua: Jumatatu alfajiri, basi la kwanza.

Kati yake na Jumatatu kulikuwa na Jumapili moja tu. Bahati mbaya ikawa Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno.

Asubuhi hiyo alikwenda stendi kukata tiketi, koti mwilini, redio begani, na mfukoni hana zaidi ya nauli na elfu mbili. Kopo alikuwa ameliacha chumbani. Angependa kulibeba, lakini alikuwa ameutangazia mji kwamba Mama haonwi na jua, na uongo ukishakuwa sheria unamfunga hata aliyeutunga. Aliporudi, chini ya kitanda palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi. Basi.

Jesca alikuwa uani anaosha vibuyu.

"Kopo liko wapi?"

"Mama kalipeleka kanisani. Si mavuno leo? Kila nyumba inatoa kilicho bora. Akasema kwetu hakuna bora kumzidi yule wa kwako."

Ulimboka hakukimbia. Aliruka.

Ibada ilikuwa imekwisha na mnada umeanza. Mbele ya kanisa palipangwa kabichi, ndizi, matunda damu, majogoo waliofungwa miguu, na katikati, kama bibi harusi, kopo. Mnadi alikuwa Mzee Rubeni, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha Mombo.

"Na hii, Mama Jesca, ni chachu ya nini?"

"Chachu ni chachu, mzee," Raheli alijibu toka kwenye mstari wa kwaya. "Hata Ufalme wa mbinguni umefananishwa nayo."

Mzee Rubeni akatafuta kosa katika maandiko hayo, hakuliona. "Nani aanze?"

"Elfu moja!" Ulimboka alipaza sauti, akihema. "Na tumalize hapo, kuna baridi."

"Elfu mbili," alisema Kristofa bila kugeuka. Mama mwenyewe! Mwenye kuwa na Mama hanunui tena watoto.

"Elfu tatu," akasema Mzee Abrahamu, akitoa kitambaa kilichofunga pensheni.

"Jamani!" Ulimboka akasogea mbele. "Nisikilizeni mimi fundi. Hiyo imekufa! Imepigwa na jua, haifai hata kwa kuku!"

Watu wakatazamana, wakacheka.

"Imekufa, naye kaja mbio hivyo?" alisema Kristofa. "Kuzika? Elfu sita!"

"Anaiponda aipate peke yake," Mzee Abrahamu akawaeleza majirani. "Nimefanya kazi na watu wa mbao, ninawajua. Elfu saba!"

Hapo ukungu ukapasuka, jua la saa tano likaliangukia kopo. Na kopo, mbele ya macho ya ushirika mzima, likasema *tik*. Kifuniko kikainuka katikati kama kitambi.

"Anapumua!" mtu alipiga kelele. "Mama yuko hai!"

Ulimboka akakodoa macho. Kila siku redio yake ilitangaza mfumuko wa bei, lakini hakuwahi kuona hela zikifumuka kwa macho yake. Hakuwa na nafasi ya kulifikiria. Kristofa alikuwa ameshafika elfu kumi.

"Elfu kumi," alisema Ulimboka, "na koti!" Akalivua. "La ngozi!"

"Elfu kumi na mbili!"

"Na redio! Na kaseti zake!"

"Elfu kumi na nne!"

"Na viatu!"

Mzee Rubeni akaviinua viatu, akavigeuza, akagonga soli. Kristofa akahesabu tena alichonacho, akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeona kiwanda kikienda kwa jirani. Zile elfu kumi Ulimboka alizipataje? Alitoa elfu mbili na tiketi ya basi, na kwa zilizobaki akavua saa na mkanda. Bwana hupokea vyote, alisema Mzee Rubeni, na fundi cherehani akathibitisha kwamba mkanda ulikuwa mzuri.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Limekwenda kwa ndugu yetu!"

Akalibeba kifuani, suruali ameishika kwa mkono mmoja, akageuka aondoke.

"Fungua tuone!" watu wakamzingira.

"Arobaini hazijatimia!"

Mama hakungoja arobaini. Kifuniko kiliruka juu ya paa la kanisa, kikashuka kwenye kabichi, na povu likamwosha Ulimboka uso, shingo na kifua. Lilinuka miwa. Naye badala ya kujifuta akafanya kosa ambalo fundi wa bia hawezi kulifanya: akaingiza mkono mpaka kiwiko, akapapasa chini, akapapasa kando, akapapasa tena.

Raheli akatoka kwenye mstari, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Unatafuta nini humo, mwanangu? Si chachu?"

Mdomo wa Ulimboka ukafunguka. Akisema hela, ataulizwa hela za nani. Akisema hela za nani, Mzee Abrahamu ana fimbo, na Kristofa ana mikono.

"Ni... chachu, mama."

"Basi hongera. Umenunua kitu cha haki siku ya leo. Mshukuru Mungu."

Ulimboka aliondoka mchana ule ule juu ya lori la kabichi, peku, amejifunga kamba ya mgomba kiunoni. Neno lake la tumboni mwa mama, tuliloliweka kiporo, nadhani sasa limepata moto.

Raheli alieleza yote wiki iliyofuata, hapa hapa. "Chachu iliyo hai inapumua," alisema. "Ukiifunga usiku mmoja, inakutafutia pa kutokea. La huyu linazibwa kila jioni wiki tatu, halijatoa hata jasho. Nikajua kilichomo hakijawahi kupumua. Kitu gani kinalishwa kila siku na hakipumui? Hela." Ijumaa akafungua kwa ncha ya kijiko, akatoa nailoni. Jumamosi akatia machicha ya boha na sukari, akaziba kwa mshumaa ule ule wa mpangaji.

Hela je? Hakuzirudisha mkononi, alisema mkono uliotoa hela kwa unga wa mtama hauaminiki. Alizirudisha kwa boha. Kila aliyenunua unga, na ni hao tu, alikunywa bure mpaka hela yake ikaisha, na aliyejua itaisha lini ni Raheli peke yake. Benchi zikajaa, ada ya Jesca ikalipwa, na paa la kanisa likapata bati.

Na boha ile ya marejesho, nisiwadanganye! Ilikuwa ya baridi, tamu mwanzoni, kisha ukali wake unakukwaruza koo kama paka anayeshuka mti. Vikombe saba nilikunywa, cha nane Raheli akakifunika kwa kiganja, akasema yangu imeisha.

"Ngoja kwanza," ikasema sauti nyuma yangu.

Jesca. Sikujua kama alikuwa amesimama pale na kata mkononi, na sijui alianza kusikiliza wapi.

"Boha ya bure walipewa walionunua unga tu. Wewe ulikunywa kwa kosa gani?"

"Mimi? Mimi ninasimulia tu nilivyosikia..."

"Saba zako nilikumiminia mwenyewe. Haya, toa mkono kidevuni, wenzako waone alama ya kemia."

Benchi nzima ikanigeukia. Nikavuta kola ya sweta, nikaipandisha mpaka puani. Lushoto, jamani, ina baridi.