Amri Namba 14 Kuhusu Migongano ya Vyombo vya Angani

Wananchi wa Bukavu wajulishwe: kuanzia Septemba 2003, anga nayo ina sheria ya barabarani.

Mimi, Honoré, katibu wa Idara ya Mwendo, ndimi niliyeiandika. Anga yenyewe imo katika kompyuta nne za Maman Eulalie, huko Muhumba, zilizounganishwa kwa waya ili watu wanne warushe vyombo katika mchezo mmoja. Kila walipogongana, walitukanana. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Idara isingevumilia fujo nyingine.

Tena palikuwa na shindano. Mshindi angepewa nafasi katika ndege ya Kinshasa, akauwakilishe mji. Aurore, mwanafunzi, aliitaka nafasi hiyo kwa sababu moja: vita vya 1998 vilimkuta baba yake Kinshasa, upande wa pili wa mapigano, na kwa miaka mitano hawakuonana. Mpinzani wake katika fainali alikuwa Mkurugenzi wetu, Papa Léopold.

Amri ilifuata haki kama inavyojulikana katika barabara zetu. Kifungu cha kwanza: vyombo vikigongana, dereva asiinuke wala asiguse kitu mpaka polisi wa roulage, yaani wa barabarani, achore constat, ile ripoti ya ajali, na pande zote mbili zitie sahihi. Kifungu cha pili: kosa ni la chombo kidogo, nacho kinatolewa mchezoni. Lori la jeshi likigonga baiskeli, baiskeli ilikuwa inatafuta nini pale?

Mkurugenzi, mwenye chombo kikubwa kuliko vyote, aliingia fainali kihalali kabisa. Aligonga wapinzani sita. Wote sita walipatikana na hatia.

Fainali ilianza saa tisa alasiri.

“Papa Directeur, uko unanifwata sana,” alisema Aurore.

“Miye niko na priorité, miye napita kwanza, mutoto. Uko unakimbilia wapi?”

“Kwa papa yangu.”

Akakata kona nyuma ya mwezi. Mkurugenzi, ambaye hana desturi ya kumpisha yeyote, alinyoosha moja kwa moja hadi mwezini. Skrini ikawa nyekundu.

“Hakuna kugusa!” alipaza sauti Bulonza, polisi wa roulage. Alipima skrini kwa utepe wa fundi cherehani, akachora, akapima tena, akavua kofia.

“Monsieur le Directeur, mwezi iko mukubwa kukupita.”

“We Bulonza! Mwezi iko dereva?”

“Kifungu haiulize dereva. Inauliza ukubwa. Mwezi iko na sentimita makumi mbili na mbili. Weye, tatu.”

“Ni huyu mutoto alinipeleka pale!”

“Na yeye hamukugusana, papa.”

“Na mwezi ilikuwa inatafuta nini pale?” aliuliza Maman Eulalie, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilithibitisha hukumu. Jumatatu Aurore alipanda ndege katika uwanja wa Kavumu.

Mkurugenzi angali kwenye kiti mbele ya skrini, kwa kuwa upande wa pili haujatia sahihi. Tumeuandikia mwezi barua mbili. Mkewe, Maman Adélaïde, humletea bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, na huuliza kama mwezi umejibu. Mkurugenzi ameniamuru niifute Amri. Nilimkumbusha kwa heshima kwamba dereva ambaye constat yake haijafungwa hawezi kutoa amri. Mkurugenzi peke yake ndiye anayeweza kuifuta, au kaimu wake.

Kaimu aliteuliwa jana. Ni mimi. Nimeisoma Amri upya, kifungu kwa kifungu, na sikuona kasoro yoyote.