Kochi Atangulia Msituni

Jumatano, 6 Agosti

Nimedhalilishwa. Na chai sijamaliza!

Tuko likizo, nyumba ya kupanga pembeni mwa msitu: mimi, mke wangu, mama mkwe, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mwalimu wa michezo. Filimbi haimtoki shingoni hata akienda kuoga, ndiyo maana namwita Filimbi. Asubuhi ameitisha kikao. Kikao! Likizoni! Ati Jumamosi tutatembea msituni kutwa nzima hadi kwenye maporomoko, na lazima tujiandae. Yeye atatangulia. Mke wangu atabeba chakula. Mimi nitabeba kigoda cha mama mkwe, kwa sababu, anasema, mambo ya viti nayajua.

Nauza makochi. Ni kazi ya heshima. Lakini mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, akasema barabara, Kochi abebe kiti. Tangu nimwoe binti yake ananiita Kochi. Filimbi anaitwa jembe langu. Mimi kuitwa mkwe wangu, hata siku moja! Si jambo dogo hili. Linanikata maini.

Basi Jumamosi atatangulia mtu mwingine. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Alhamisi, 7 Agosti

Ramani ya msitu ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Sasa iko chini ya mto wa kochi la sebuleni, nami nimelikalia. (Kochi lenyewe hovyo. Springi zinachoma. Nisingethubutu kuliuza.)

Filimbi amehaha nyumba nzima. Amepekua mpaka ndani ya jokofu. Raha iliyoje! Raha ikakatika mama mkwe alipotoa hukumu: bila ramani hakuna safari, labda awepo mtu anayeujua msitu. Mara nikajisikia nikisema kwamba mimi nimekulia msituni.

Mke wangu akanitazama. Anajua fika nimekulia nyuma ya kiwanda cha mbao. Sasa mbao hutoka wapi, baharini? Filimbi akauliza kwa dharau kama nikiuona mti naweza kuujua. Nikamjibu naujua mpaka kitanda utakachotoa. Mama mkwe akasema haya, nitangulie, tutaona.

Ushindi! Tatizo ni moja tu, tena dogo. Njia siijui.

Ijumaa, 8 Agosti

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimesingizia kichwa, wenzangu wakaenda sokoni kununua chakula cha safari. Mimi huyo, mbio msituni na ramani! Kila penye njia panda nimefunga kitambaa chekundu tawini, upande wa kupita. Kesho nitajitia kunusa upepo huku macho yakitafuta wekundu, basi.

Kitambaa nimekiokota jikoni, kwenye kikapu cha matambara. Kulikuwa na sindano na uzi humo humo, imenichoma kidole. Watu wazembe sana. Lakini kitambaa laini ajabu! Nilianza kukichana kwa meno, kikaachia chenyewe. Siku hizi watu wanatupa vitu vizuri.

Nilikwenda na kandambili maana buti mpya zinanibana. Muuzaji aliniapia zitaachia nikizivaa. Mwongo! Mimi mwenyewe muuzaji, najua tunavyosema.

Jioni mama mkwe amezunguka vyumba vyote akitafuta kitu. Bila shaka ramani. Nikajitia hamnazo.

Jumamosi, 9 Agosti

Uonevu mtupu!

Njia panda ya kwanza nilifumba jicho, nikanusa, nikasema kushoto. Njia safi! Ya pili nilipapasa gome la mti, nikasema kulia. Safi! Filimbi akanuna. Na hapo mama mkwe alimwambia binti yake kumbe mkwe wangu ana akili. Mkwe wangu! Nimesikia kwa masikio yangu haya. Miguu ilikuwa inawaka moto ndani ya buti lakini nilitaka kuimba.

Njia panda ya tatu. Kipande cha pale kilikuwa na lesi, na vifungo viwili. Jana sikuviona, nilikuwa na haraka. Mama mkwe akasimama. Akakishika. Akauliza ni nani aliyelichana gauni lake la kulalia, ambalo aliliweka kikapuni alishone pindo.

Gauni la kulalia la mama mkwe! Na mimi nimelitia meno! Ardhi ilikuwa ipasuke nizame. Nikasema labda nyani. Mke wangu akasema fundo lile analijua, ndilo ninalofungia makochi kwenye lori. Mke wangu wa ndoa!

Basi akatangulia mama mkwe. Kila kitambaa akakifungua, akakikunja, akakitia mkobani huku akinitaja. Hakukosea njia hata mara moja! Tukafika kwenye maporomoko kabla jua halijawa kali. Shukrani kwa nani? Hakuna aliyeuliza. Alikalia kigoda nilichobeba mimi akala mayai yote. Filimbi alicheka filimbi ikiwa mdomoni, ikalia msitu mzima.

Wakati wa kurudi alama zote ziko mkobani, njia hakuna anayeijua. Ilibidi niitoe ramani kifuani. Nimewaokoa roho zao, jamani! Badala ya asante, Filimbi akakumbuka jokofu. Nimezomewa mpaka mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Siitwi Kochi tena. Sasa ni Tambara. Tambara lete chumvi, Tambara funga dirisha.

Mke wangu amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima kimeingiaje hapa? Sisi tulikwenda kwenye maporomoko.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la rangi. Nyekundu kila mtu anaiona! Jumanne wanataka kwenda upande wa pili wa msitu, na ati atatangulia jembe lao. Tutaona. Safari hii kitambaa kiwe cha kijani, kifanane na majani, kisionekane hovyo na mama wakwe za watu. Suruali ya michezo ya Filimbi ni ya kijani kibichi. Imeanikwa hapa dirishani.

Nimeigusa. Imekauka. Ngoja nitafute mkasi.