Paa Zima kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa ghala amestaafu. Kiti chake kiko wazi. Kiti chenye magurudumu! Nimekikalia wakati wa chakula, mlango nimeufunga. Kinanitosha kana kwamba fundi alinipima.

Tatizo ni Tai. Ni karani wa ghala kama mimi, kiwanda hiki hiki cha magodoro, meza yake inatazamana na yangu. Watu wanadhani jina limetokana na ile tai anayojinyonga nayo kila siku, hata joto likiwa kali. Mimi nasema limetokana na yule ndege anayengoja mizoga. Leo nimemkuta anasugua mkono wa kile kiti kwa kitambaa. Eti anafuta vumbi. Vumbi!

Lakini mimi nina silaha. Nimenunua kijitabu kwa muuza vitabu wa barabarani. Ndani yake mna maneno ya Kiingereza rasmi, yale ya kuletea ushahidi. "As evidenced by." "Research has shown that." "In light of the foregoing." Kinasema ukitaka hoja yako iaminiwe, tanguliza maneno hayo, kisha toa ushahidi wenyewe. Sura ya ushahidi wenyewe ni ndefu. Nimeiruka.

Jioni nikafanya majaribio nyumbani. Mke wangu kaniambia gesi imekwisha, nikabadilishe mtungi. Nikasimama wima. Nikamwambia "research has shown that" mwanamume aliyetoka kazini hatakiwi kubeba mtungi. Akauliza utafiti huo kaufanya nani. Nikasema "as evidenced by". Akangoja. Nami nikangoja. Mwishowe akauliza: bai nani?

Mtungi ni mzito jamani. Ila jaribio halikushindwa. Mke wangu si hadhira nzuri tu. Ananijua.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Kikao cha asubuhi ofisini kwa Madam. Madam ndiye mwenye kiwanda, na ndiye atakayemteua mkuu mpya wa ghala. Tai kawahi kuomba nafasi ya kusema. Akasema mvua ziko njiani, na yeye kwenye manyunyu ya juzi kaona paa la ghala linavuja upande wa kushoto, basi fundi aitwe kabla magodoro hayajalowa. Kasema kwa Kiswahili, maskini, kama mtu anayeagiza chai.

Mimi hilo paa sijawahi kulitazama. Lakini nikaona Madam anaanza kuitikia kwa kichwa. Akikubali, Tai atakuwa ndiye aliyeokoa ghala, na kiti ndiyo basi tena. Nikainuka. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema: "In light of the foregoing, and as evidenced by the available evidence, the roof is sound."

Katibu muhtasi akasimamisha kalamu. Madam akavua miwani, akaivaa tena, akasema haya ndiyo mambo sasa, mtu anakuja kikaoni amejiandaa. Tai akalalamika kwamba maji kayaona kwa macho yake. Madam akamjibu kwamba hapa hatuzungumzi mambo ya macho, tunazungumza mambo ya ushahidi.

Paa ni zima. Limethibitishwa. Fundi haitwi.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe. Kaja kutibiwa goti. Nikampokea mkoba, nikamwamkia vizuri, nikaongeza kwamba "it is generally accepted that" mgeni ni baraka. Akanitazama juu mpaka chini. Kisha akamwuliza bintiye, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kama nina homa.

Jumatano, 5 Machi

Tai kanunua kijitabu. Kile kile! Nimeona pembe ya jalada ikichungulia mfukoni mwake. Mtu hana haya!

Kikao tena. Nyumba moja ya wageni imeagiza shehena kubwa ya magodoro, swali ni yawekwe upande gani wa ghala mpaka gari lao lije. Swali dogo. Tai akakohoa, akasema: "Notwithstanding the aforementioned, and to substantiate my claim, it must be underscored."

Hilo la mwisho silijui. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikafungua simu. Kamusi ikasema ni kupiga mstari chini. Mstari gani? Chini ya nini? Nikarudi nikajibu: "Suffice it to say that, as corroborated by multiple sources, the contrary is the case." Tai akalegeza kola. Akasema "Indeed." Nikasema "Precisely." Madam alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama anayetazama mpira wa meza. Hatimaye akagonga meza, akasema "Very good", imekubaliwa.

Katibu muhtasi akauliza samahani, aandike kimekubaliwa nini.

Madam akatazama dirishani. Mimi nikamtazama Tai. Tai akaitazama tai yake. Baada ya muda Madam akaamuru iandikwe kwamba yamekubaliwa yote yaliyosemwa.

Basi akaja kiongozi wa vibarua, pande la mtu tunamwita Baunsa, kuuliza magodoro ya nyumba ya wageni yakae wapi. Nikamwambia kushoto, chini ya lile paa la Tai, ili ajue hatishi mtu. Wakabeba. Nilipotoka kunywa chai, Tai akawaambia kulia. Wakabeba. Niliporudi, kushoto. Nilipokwenda kupokea simu, kulia. Baunsa akatua godoro chini, akapangusa uso.

"Wakubwa," akasema, "sisi tuna migongo. Kubalianeni kwanza nyinyi."

Nikamwambia ni "as per the resolution". Akauliza hiyo ni kushoto au kulia. Nikasema kushoto. Akasema haya, angalau hilo kalisikia. Yamekaa kushoto. Nimeshinda tena, ingawa kwa jasho la watu wengine.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu mazito toka asubuhi. Hayanihusu.

Leo nimeinua macho ghalani kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kuna tundu kwenye bati upande wa kushoto. Mwale wa jua ulipenya mawinguni kidogo, ukashuka hapo, ukatua juu ya godoro, mviringo kama kitufe cha shati. Nimeutafakari sana. Mtu asiyesoma angesema ni tundu. Mimi nikamwandikia Madam kwenye simu kwamba "it has been observed that" ghala letu linanufaika na mwanga wa asili, jambo linalopunguza matumizi ya umeme. Akanijibu kwa dole gumba! Tai hajawahi kupewa dole gumba.

Nyumbani mambo si mazuri. Mama mkwe amekuwa akinisikiliza ninapofanya mazoezi mbele ya kioo. Wakati wa kula mke wangu aliuliza nani kamaliza maziwa ya chai. Nikasema kwa utulivu kwamba hakuna chanzo chochote cha kuaminika kinachonihusisha. Mama mkwe akaninyooshea kijiko mdomoni.

"Azevidensi bai," akasema, "sharubu."

Nikajifuta. Yalikuwa maziwa kweli. Mke wangu alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Matamshi ya mama ni mabovu kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua.

Nilipofika, Baunsa na wenzake walikuwa wamesimama mlangoni mwa ghala bila kusema kitu. Watu wanaoimba kutwa nzima wakinyamaza, jua kuna msiba. Nikachungulia. Upande wa kushoto maji yalikuwa yakishuka kama kuna mtu huko juu anamimina ndoo baada ya ndoo. Wahenga walisema maji yamezidi unga. Wahenga hawakuwahi kuona sponji. Sponji haizidiwi, inakunywa tu. Godoro ambalo juzi alilibeba mtu mmoja kwa kichwa, leo linataka wanne, na linawatemea mate.

Tai alikuja mbio. Alivua tai yake, akaitia mfukoni. Tangu nimfahamu sikuwahi kuiona shingo yake. Ni nyembamba. Tukashika godoro moja, yeye huku mimi huku, maji yanatuingia mikononi, na kwa muda kidogo nilitaka kumwomba radhi. Kisha nikakikumbuka kiti. Nikajizuia.

Madam akaingia, viatu kavishika mkononi. Akazungumza Kiswahili kitupu, bila hata "very good" moja.

"Nani aliniambia paa zima?"

Nikasema, "According to..."

"Kulingana na nani?"

"Multiple sources, Madam."

"Nitajie mmoja."

Tone likanipiga utosini.

"Ulipanda juu ukaangalia?"

"It is widely believed..."

"Nimekuuliza, ulipanda?"

"Hapana, Madam."

Mafupi mno haya maneno ya Kiswahili! Hayana hata pa kujificha.

Tai akaona mlango umefunguka. Akaanza: "Notwithstanding..." Madam akamwambia akitoa neno jingine la namna hiyo atamkunja humo ndani ya godoro. Tai akajitetea kwamba yeye alisema tangu Jumanne. Madam akamwuliza mbona Jumatano hakusema tena, mbona alikuja na mambo ya kupiga mistari. Tai akainama. Nilinong'ona "Indeed." Sikuweza kujizuia.

Kisha Madam akawageukia vibarua. Akasema hakuna magodoro ya kupakia, kwa hiyo hakuna kazi mpaka ghala likauke, wakae nyumbani mpaka waitwe. Baunsa alitusikiliza wote, akatutazama mimi na Tai, akachukua shati lake msumarini. Mkewe anakaribia kujifungua, kila mtu hapa anajua. Hakututukana. Ingekuwa afadhali angetutukana.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti kimepata mtu. Mdogo wake Madam! Kaja asubuhi, kakaa, kajizungusha, kauliza magodoro tunayatengeneza kwa nini hasa. Hakuleta hoja wala ushahidi. Ana pua ya dada yake, basi. Kumbe damu haihitaji utangulizi.

Mimi na Tai tumepewa kazi ya kuanika. Uwanja mzima ni magodoro. Tunageuza, tunakanyaga, maji yanatoka, tunageuza tena. Hatusemezani. Mara moja tu alisema jua ni zuri. Nikamwuliza chanzo chake ni nini. Akanirushia kiatu.

Jioni mke wangu aliuliza kama nimekwenda kumwomba Baunsa msamaha. Nikasema bado. Akasema mdomo ndio umekuponza, basi nenda na miguu. Akanifungulia mlango. Mama mkwe alinishikilia mwavuli, kwa hiyo walikuwa wamepanga.

Nikaenda. Njia nzima nikajisemea neno moja tu, samahani, samahani. Si neno gumu. Baunsa akafungua. Nyuma yake mkewe amekaa kwenye kiti, miguu kaiweka juu ya stuli, amechoka. Baunsa akasema karibu. Nikavuta pumzi. Nikafunga kifungo cha koti. Sijui kwa nini nilifunga kifungo cha koti.

"In view of the prevailing circumstances," nikasema.

Akafunga mlango. Taratibu. Hakuubamiza hata kidogo.

Nyumbani wakaniuliza amesemaje. Nikawaambia amelipokea suala na analifanyia kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeelewa! Nimelijua kosa langu!

Leo kaja mtu wa bima. Mwembamba, mkoba mweusi, uso hauna habari. Kazunguka ghala, kalitazama tundu, katazama uwanja. Kisha akamwambia Madam: "Prima facie." Maneno mawili tu! Madam akashika meza. Madam ninayemjua mimi, asiyeshtushwa na mtu, akaomba aletewe maji. Sentensi iliyofuata sikuisikia vizuri, nadhani ilikuwa kuhusu wao kutolipa chochote. Mimi nilikuwa nimeshaondoka kimawazo.

Nikamwuliza Tai hiyo ni lugha gani. Akanijibu kwa shingo upande kwamba ni Kilatini, eti maana yake ni kwa kutazama juu juu.

Kilatini! Kumbe nilikuwa nakwenda vitani na panga butu. Kiingereza kimechakaa, kila mtu anacho. Hata mama mkwe anacho.

Na Mungu si Athumani, nafasi ikaja mchana ule ule. Gari la nyumba ya wageni likaingia. Mkuu mpya akatoka na kikombe cha chai, akauliza kama magodoro yamekauka. Kuinama kuyagusa hakutaka, suruali ni mpya. Tai akaminya moja kwa kidole, akakitazama kidole chake, akanyamaza. Muoga.

Nikapiga hatua mbele.

"Prima facie," nikasema, "yamekauka."

Mkuu akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa siku nyingi. Akaniuliza nimesomea wapi. Akasema basi, pakieni. Tumepakia mimi na Tai, kwa kuwa vibarua bado hawajaitwa. Yalikuwa mazito kiasi, lakini uzito ni dalili ya ubora. Mkuu kanipigapiga begani, kaniahidi tutazungumza.

Gari limeondoka. Nimesimama getini nikilisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Nyuma yake liliacha mchirizi wa maji, mwembamba, umenyooka barabara nzima.

Rejeta ya gari lao inavuja, nadhani.